Kanze Mwinga wa Kiti cha Kulia, 1940–1974

Marehemu Kanze Mwinga alizaliwa tarehe 4 Machi 1940, nje kidogo ya Kinango, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mwinga Ndoro na Bi. Mbodze. Utoto wake ulipita katika miaka ya vita na ile iliyofuata, wakati magari yalikuwa machache, na kila lori lilipopita watoto waliingia vichakani. Hawakuwa wakicheza. Walikuwa wameambiwa habari za mumiani, watu wanaozunguka na magari, hasa mekundu, wakikamata watu na kuwatoa damu. Hakuna aliyewahi kumwona mumiani, lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua mwingine aliyechukuliwa. Kanze aliamini. Mwaka 1948 gari la wagonjwa lilisimama mbele ya boma lao, dereva akaomba maji ya rejeta. Kanze alikimbilia shamba la mihogo, akalala kifudifudi mpaka jua likatua. Jambo hilo linatajwa mapema kwa sababu yote aliyoyafanya baadaye aliyafanya akiwa mtu yule yule aliyelala kwenye mihogo.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1949 hadi 1955, akafika darasa la sita. Mwaka 1954 alishikwa na homa iliyomvimbisha viungo, akakosa shule muhula mzima. Alipona, au ilidhaniwa kuwa amepona. Walimu walimkumbuka kwa mwandiko safi na kwa tabia ya kuuliza jambo mara mbili hata baada ya kujibiwa.

Mwaka 1957 alihamia Ukunda kwa shangazi yake, akajifunza kushona. Kufikia mwaka 1960 alikuwa na cherehani yake mwenyewe kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Katika majuma ya kabla ya Desemba 1963 alishona sare za watoto waliokwenda kuimba siku ya uhuru, na mikanda ya rangi nyeusi, nyekundu na kijani waliyofunga viunoni. Hakwenda kuwatazama. Alikuwa amesikia kwamba kutapigwa mizinga, akafunika cherehani yake kwa shuka na kukaa ndani, mlango umefungwa.

Tarehe 8 Agosti 1964 alifunga ndoa na Katana Baya, aliyekuwa dereva wa lori la miwa huko Ramisi. Wazee waliokuwapo siku ya posa wanakumbuka maneno yake.

“Nitaolewa na wewe, Katana. Na gari sitaolewa nalo.”

“Gari nitaliacha Ramisi,” Katana akajibu.

Ahadi hiyo haikumaliza mwaka.

Gari lililoingia katika ndoa yao lina historia yake, na haiwezekani kumweleza marehemu bila kulieleza. Mustang ilionyeshwa kwa umma tarehe 17 Aprili 1964, katika maonyesho ya dunia mjini New York. Kampuni ya Ford ililitengeneza kwa kutumia vyuma vingi vya gari lake jingine dogo, la bei nafuu na la kawaida kabisa, Falcon. Kilichokuwa kipya ni umbo: boneti ndefu, mkia mfupi, viti viwili vya mbele vilivyoachana, na farasi wa chuma anayekimbia puani. Siku ya kwanza pekee wateja wa Marekani waliagiza zaidi ya elfu ishirini. Katika mwaka wa kwanza yaliuzwa zaidi ya laki nne, na mwanzoni mwa mwaka 1966 likatoka kiwandani la milioni moja. Mnunuzi aliweza kuchagua injini ndogo ya silinda sita, au ya silinda nane yenye nguvu kuliko lori la Ramisi. Lilikuwa gari la vijana wa nchi yenye barabara pana, na kiwandani lilitengenezwa usukani ukiwa kushoto, kama Wamarekani wanavyoendesha.

Moja kati ya hayo liliteremshwa bandarini Kilindini mwezi Juni 1965. Lilikuwa la Bwana Harlan, mhandisi Mmarekani aliyekuja kuchimba visima na kupanga nyumba Diani. Lilikuwa la silinda nane. Lilikuwa jekundu.

Bwana Harlan alimwajiri Katana kuliendesha. Kanze aliposikia alisema neno moja tu, “Jekundu?”, akarudi kwenye cherehani. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa tarehe 3 Novemba mwaka huo, akapewa jina la babu yake, Baya. Februari 1966 kazi ya visima ilikwisha, Bwana Harlan akarudi kwao, na gari akamwachia Katana. Likawa linalala uani kwao, ukingoni mwa kijiji cha Bongwe, chini ya makuti, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma.

Shida ilianza mara Katana alipolitoa. Katika nchi hii dereva hukaa kulia, na mtu aliyesimama kando ya barabara humtafuta kulia. Watu wa Bongwe walitazama kulia wakaona kiti kitupu. Gari jekundu, lenye mngurumo ambao hawajawahi kuusikia, taa tatu nyekundu kila upande wa nyuma, linakwenda mbio na halina dereva. Wanawake waliacha ndoo kisimani. Sefu, mkwezi wa minazi, alikuwa juu ya mnazi akiangua nazi. Aliteremka kwa kasi iliyomchuna kifua, kisha akasimulia aliyoyaona kwa kila aliyetaka kusikia. Juma la pili mawe mawili yaligonga mlango. Juma la tatu jiwe likavunja kioo cha pembeni, na kipande kikamkata Katana juu ya jicho.

Kanze aliosha jeraha lile. Alijua kitakachofuata mawe, kwa sababu alijua hofu ile inavyofikiri. Kesho yake, Katana alipowasha gari, alimkuta mkewe amekaa kiti cha kulia, macho ameyafumba.

“Unakwenda wapi, Mama Baya?”

“Unakokwenda wewe. Wakiona mtu huku, hawatatupa mawe.”

“Na macho mbona umefumba?”

“Kukaa nimekubali. Kutazama sijakubali.”

Mpango huo nusura uwaponze zaidi. Sasa watu waliona mwanamke amekaa mahali pa dereva, mikono ameipakata, macho ameyafumba, na gari linakwenda. Wakasema analiendesha kwa kisomo cha uchawi. Ndipo Kanze alipoanza kubeba uteo wake wa kupepetea mchele, ule mviringo, akaushika mbele ya kifua kama usukani. Kuanzia siku hiyo mawe yakapungua na maneno yakazidi.

“Mama Baya!” Sefu alimpigia kelele sokoni. “Jana nimekuona unapepeta upepo. Ulitoa pumba ngapi?”

“Njoo nikupepete wewe, Sefu. Utabaki pumba tupu.”

Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao, kisha akaenda nyuma ya duka na kushika ukuta mpaka moyo ulipoacha kumdunda. Alisema ni woga. Kila mtu alikubali kuwa ni woga, kwa kuwa hakuna aliyekuwa mwoga kumpita.

Palikuwa na jambo jingine la kiti kile. Dereva aliyekaa kushoto, akiwa nyuma ya lori, haoni kinachokuja. Huona mgongo wa lori na vumbi lake, basi. Anayeona ni aliyekaa kulia. Katana alimwomba mkewe awe macho yake: njia ikiwa wazi aseme “nyeupe”, isipokuwa wazi aseme “bado”. Kwa miezi kadhaa Kanze alisema “bado” safari nzima, macho yamefumbwa, na gari lililoweza kuyapita magari yote ya pwani lilikwenda nyuma ya mikokoteni.

Jumamosi tarehe 20 Agosti 1966, Mbeyu, jirani yao wa Bongwe na mteja wa Kanze, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga alikuwa amesema wazi kwamba kazi hiyo imemshinda, apelekwe Msambweni. Mumewe alikuwa safarini. Aliyekuwa na amri juu yake ni mama mkwe, Bimkubwa. Gari jingine halikuwapo siku ile.

Kanze alikwenda kwa miguu, Baya mgongoni, akalikuta kundi la watu mbele ya nyumba.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Najua ulichokuja kusema, na jibu ni hapana.”

“Atakufa, Mama.”

“Akifa hapa nitamzika. Akichukuliwa na lile dude nitazika nini?” Bimkubwa alisema. “Mimi si mjinga, mwanangu. Namjua mumeo, ni mtu mwema. Lakini wema wa mtu ni mmoja na gari ni jingine. Hata wewe mwenyewe unaliogopa. Bongwe nzima inakuona umefumba macho.”

Kanze hakukana. Waliokuwapo wanasema alifungua leso ya mgongoni, akamtoa mtoto wake wa miezi tisa na kumweka mapajani mwa Bimkubwa.

“Naliogopa,” alisema. “Basi mshike huyu. Ana jina la baba mkwe wangu. Nikirudi bila habari njema ya Mbeyu, nikawauliza huyu yuko wapi, mnijibu mtakavyo.”

Sefu, aliyekuwa amesimama pale na panga lake la kuangulia nazi, alitazama chini. Bimkubwa alimwangalia mtoto, mtoto akamshika pua. Akasema, “Mpakieni.”

Katana alileta gari, Mbeyu akalazwa kiti cha nyuma, juu ya leso tatu. Kanze alikaa kulia. Uteo aliuacha. Baada ya Ukunda walilifikia lori lililokuwa likirudi Ramisi, vumbi lake limeziba kioo chote, nyuma yao Mbeyu akilia kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Katana hakuona kitu. Aliuliza, mkewe bado amefumba macho. Akauliza tena.

“Mama Baya, niambie. Sioni.”

Kanze alifumbua macho. Alitoa kichwa nje ya dirisha, kwenye vumbi, akaona basi linakuja, akasema, “Bado.” Basi likapita. Alitazama tena. Mbele palikuwa na kilima na hakujua nyuma yake kuna nini. Alisubiri wafike kileleni, huku akisikia sauti ya Mbeyu inakatika.

“Nyeupe,” alisema.

Katana anasema kwamba katika miaka yake yote ya udereva hilo ndilo neno lililomtisha kuliko yote, maana alijua ameambiwa na mtu anayetetemeka, na alilitii.

Mbeyu alifika hai. Alipasuliwa, akazaa mtoto wa kike, Asiya. Muuguzi aliwaambia kuwa mama atalazwa kwa siku kadhaa. Hapo ndipo Kanze alipokosea. Mwanamke aliyelelewa vizuri katika pande zetu haachi nguo za mzazi zifuliwe na wageni. Alizikusanya zile leso tatu, akazifunga, akaziweka kiti cha nyuma azifue nyumbani.

Walirudi Bongwe alasiri. Watu waliona gari jekundu limeondoka na mwanamke na limerudi bila mwanamke. Walipochungulia nyuma waliona leso za Mbeyu, zimelowa damu.

Panga liligonga boneti. Katana alivutwa nje kwa shati. Kanze aliteremka upande wake akisema, “Amejifungua, yuko hai, amejifungua.” Alimtafuta mtoto wake kwa macho. Bimkubwa alikuwa mlangoni, Baya amembana kifuani kwa mikono miwili.

“Leso hizi?” Bimkubwa aliuliza.

“Nilitaka kukufulia, Mama.”

Bimkubwa alizitazama leso, akamtazama Kanze. Yeye pia alikuwa mwanamke wa pande hizi, na pengine alijua kuwa mnyonya damu hakumbuki kufua. Pengine hakujua. Alichosema ni hiki: “Mwachieni huyo dereva. Nitakwenda kuona kwa macho yangu. Mtoto nakwenda naye. Kanze atabaki na nyinyi. Nisiporudi, mnajua la kufanya.”

Bimkubwa alikuwa hajapanda gari maisha yake yote. Aliingia akakaa kiti cha kulia, na Baya mapajani. Hapo Kanze alipata hofu ambayo watu waliomzunguka hawakuijua. Wao waliogopa mumiani. Yeye aliogopa lori. Alijipenyeza kati yao mpaka dirishani.

“Mama, nisikilize. Yeye haoni. Wewe ndiye macho. Mkiwa nyuma ya gari, atakuuliza. Kama kuna kitu chochote mbele, hata punda, sema bado. Usimwonee haya. Ukiona njia tupu mpaka mwisho, sema nyeupe. Usiseme nyeupe kwa kumfurahisha.”

“Mimi simfurahishi mtu,” Bimkubwa alisema, akafunga mlango.

Kanze alikaa barazani kwa Bimkubwa, wanaume wamesimama. Sefu alimuuliza, kwa sauti ya chini na bila mzaha, kama ni kweli. Alimjibu kwamba na yeye alipokuwa mdogo alilikimbia gari la wagonjwa akalala kwenye mihogo, na kwamba hajui hata leo kama alikosea. Kila mngurumo uliotoka upande wa barabara kuu aliusikia kabla yao, akaukataa kabla yao, maana alikuwa ameujua wa gari lake.

Jua lilipokaribia kuzama, aliinuka kabla ya mtu yeyote kusikia kitu. Gari liliingia polepole sana. Bimkubwa alikuwa amekaa wima kiti cha kulia, mkono mmoja umemshika Baya aliyelala, mwingine uko nje ya dirisha ukipunga kama wa askari wa barabarani, naye akipaza sauti, “Bado! Bado! Kuku! Nyeupe!”

Alishuka, akampa Kanze mtoto wake. “Mjukuu wangu ana masikio makubwa,” aliwaambia watu. Kisha akachukua zile leso, akasema, “Hizi nitafua mimi,” akaingia ndani. Kanze alikaa chini mchangani na mtoto mpaka Katana alipomwinua.

Tangu siku hiyo hakuna aliyelitupia gari jiwe. Lilibeba wagonjwa wa Bongwe, Ukunda na hata Majoreni kwenda Msambweni, na safari nyingi kiti cha kulia kilikuwa cha Kanze. Ni lazima isemwe kwamba hofu haikumtoka. Alitetemeka safari ya mwisho kama ya kwanza, lakini hakufumba macho tena. Viti vilipochakaa alivishona upya kwa kitambaa cha mwavuli wa hoteli. Huko Marekani, Mustang zilizidi kupanuka mwaka hadi mwaka, na injini zikakua, mpaka mwaka 1971 gari hilo likawa kubwa na zito kuliko lilivyowahi kuwa. Katana alimwonyesha picha kwenye gazeti. Kanze alisema, “Wanamlisha nini?”

Mwaka 1972, baada ya kuzimia akiwa kwenye cherehani, alipimwa na daktari. Aliambiwa kuwa moyo wake uliharibiwa na ile homa ya mwaka 1954, na kwamba kule kudunda alikokuwa akikuita woga kulikuwa, kwa miaka mingi, ugonjwa. Alimuuliza daktari mara mbili, kama kawaida yake. Kisha akamuuliza ni kiasi gani kilikuwa ugonjwa na kiasi gani kilikuwa woga. Daktari alisema haiwezekani kutenganisha. Familia yake, iliyomcheka kwa upendo muda wote huo, inabaki na jibu hilo.

Jumanne tarehe 15 Oktoba 1974 alishindwa kupumua asubuhi. Katana alimlaza kiti cha nyuma, mahali alipolazwa Mbeyu, na Mbeyu akakaa kulia. Baada ya Ukunda walikuta lori mbele.

“Ni nyeupe?” Kanze aliuliza kutoka nyuma.

“Bado, dada,” Mbeyu akasema.

“Basi tulia, Baba Baya.”

Baadaye Mbeyu alisema nyeupe, wakapita. Kanze alifika Msambweni akiwa hai na alifariki jioni ile, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Mwaka huu wa kifo chake kiwanda nacho kimelipunguza lile gari, likawa dogo, na injini ya silinda nane imeondolewa kwa sababu mafuta yamekuwa ghali.

Jana Ijumaa mwili wake uliletwa nyumbani kwa lori. Mustang ilitangulia, Katana peke yake, kwa ombi lake mwenyewe. Hakuna aliyekaa kulia, na kwa sababu hiyo hakulipita gari lolote, hata baiskeli, kutoka Msambweni mpaka hapa. Gari jekundu liliingia Bongwe likiwa na kiti kitupu mahali ambapo watu wa nchi hii humtafuta dereva. Wanawake waliokuwa kisimani waliweka ndoo chini. Hawakukimbia. Sefu alivua kofia. Bimkubwa, ambaye sasa hutembelea fimbo, alisogea mpaka kando ya barabara, akanyoosha mkono kama alivyofanya siku ile, akaushikilia hivyo mpaka gari na lori vikapita.

Marehemu ameacha mume wake, Katana Baya. Watoto wake, Baya, Mwinga na Dama. Mama yake mzazi, Bi. Mbodze, kaka na dada zake wa Kinango, na Mbeyu, Bimkubwa na Asiya, ambao familia imeomba waandikwe hapa pamoja na ndugu wa damu.

Kanze, fumba macho sasa, upumzike. Njia ni nyeupe.